Ngojeni Nitangulie

Katika kundi la waendesha baiskeli za milimani, mwenye kamera hulipa kilima mara mbili. Wenzake wakishafika juu na kukaa kwenye jiwe wakimenya ndizi, yeye bado yuko chini anafunga zipu ya begi. Wakati wa kuteremka ukifika, wao wanakaza mikanda ya helmeti, yeye ananyoosha mkono: "Ngojeni nitangulie." Anashuka peke yake, anatafuta kona, anaficha baiskeli kichakani, analala kifudifudi kwenye udongo na kupiga mluzi. Wanakuja kwa vurumai, wanapita, sekunde mbili tatu wamekwisha. Hapo yeye ndiye wa kuwakimbiza.

Ndivyo nilivyozoea kuendesha. Siku za kazi napiga picha za harusi, sendofu na mahafali jijini Tanga, ambako watu husimama, hutabasamu na hurudia wakiombwa. Wikiendi ambayo sina sherehe, tunapakia baiskeli kwenye buti la basi, mimi na wenzangu watatu: mwalimu wa hesabu, fundi umeme, na dada mmoja mfamasia ambaye kwenye mteremko hakuna anayemshika. Tunaitana kwa kazi zetu. Mwalimu, Fundi, Dokta. Huyu wa mwisho alikikataa cheo hicho kwa muda mrefu, mwishowe akachoka. Mimi ni Kamera. Siku hizi hata mke wangu akipigiwa simu huulizwa, "Kamera yuko wapi?"

Tulianzia karibu na nyumbani, Muheza kupanda Amani, katika misitu na mashamba ya chai ya Usambara Mashariki. Ila nikiulizwa ni safari ipi niisimulie, naanza na ile ya Usambara Magharibi, kutoka Mombo hadi ukingoni kabisa kwa milima, Mtae. Ina kila aina ya njia na kila aina ya mwanga, na ndiyo iliyonipa picha ninazoziamini kuliko zote nilizowahi kupiga, zikiwemo zile zinazonilipia kodi ya nyumba.

Mombo ni joto na makelele ya stendi. Iko kwenye mita kama 400 juu ya usawa wa bahari, kando ya barabara kuu iendayo Moshi na Arusha. Lushoto iko kwenye mita 1,400 hivi. Kati yake ni kilomita 33 za lami inayojikunja kati ya mwamba na korongo, Fuso za mboga zikishuka kwa gia nzito na abiria wa bodaboda wakigeuza shingo kukushangaa. Wajerumani waliokuja kutawala waliipenda baridi ya huko juu wakaubandika mji jina la mfalme wao, Wilhelmstal. Jina lilikwenda na wenyewe. Baridi ipo.

Wapiga picha wengi wa mchezo huu huruka sehemu ya kupanda. Hupanda gari hadi kileleni na kungoja vumbi na mruko. Mimi naipenda kupanda, kwanza kwa sababu mwendo wenyewe unaniruhusu: mtu akipanda kwa kasi ya mtembea kwa miguu, naweza kwenda ubavuni mwake, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye kamera, nikampiga uso. Na nyuso za kupandia hazidanganyi. Mwalimu akiwa mlimani huhesabu. Midomo inachezacheza bila sauti, moja hadi mia, kisha anaanza tena moja. Aliniambia hajui lini alianza tabia hiyo. Fundi huimba, na akinyamaza tunajua amechoka. Dokta hukunja uso tangu kilomita ya kwanza hadi ya mwisho, kisha akifika huulizia chakula kwa uchangamfu kama vile hakuwa yeye. Ninayo picha ya wote watatu wakiwa wamepangana kwenye kona moja kabla ya Soni, kila mmoja na mateso yake, nyuma yao tambarare ya Mombo imeshakuwa ya samawati. Hakuna anayeendesha kwa madaha ndani ya picha ile. Ndiyo wanayoipenda kuliko zote, ingawa hawasemi.

Soni tulisimama kwenye maporomoko, tukala mapeasi. Kutoka hapo njia moja inachepuka kwenda Bumbuli, na upande huo ndiko iliko Vugha, makao ya Wakilindi, ukoo ambao simulizi za Wasambaa zinasema ulianzishwa na Mbegha, mwindaji wa nguruwe mwitu aliyetokea Ungulu. Fundi, ambaye mama yake ni Msambaa, alituhakikishia kwamba Mbegha angekuwa na baiskeli asingewinda kwa miguu. Hatukubishana.

Niseme kidogo kuhusu mzigo, maana ndio unaoamua utapiga picha gani. Kamera huivaa kifuani, mkanda umepitishwa kwenye mabega yote mawili, kwa sababu mgongoni ni mbali sana. Ikiwa mgongoni, kila tukio litakukuta unavua begi. Kifuani nako kuna adhabu yake, kwani ukianguka kwa mbele utaangukia lenzi. Mgongoni nabaki na lenzi ndefu, betri ya akiba iliyoviringishwa ndani ya soksi kwa ajili ya baridi, tyubu mbili, pampu na mfuko wa plastiki wa duka la dawa, zawadi ya Dokta, wa kufunikia kila kitu mvua ikija. Wenzangu hubeba maji na biskuti. Tofauti ya kilo tatu au nne si kitu ukiwa Tanga mjini. Ukiwa unaelekea Magamba ni jambo la kuzungumza na Mungu.

Magamba ndiyo moyo wa safari hii. Ukitoka Lushoto unapanda tena, unapita vijiji na mashamba ya kabichi yaliyong'ang'ania miinuko, halafu ghafla msitu unakufunika. Ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba, sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, ile safu inayoanzia Taita, Kenya, na kuteremka hadi Udzungwa. Misitu hii imekaa hapa muda mrefu mno, na ina mimea na wadudu ambao hawapatikani kwingine. Ua dogo la zambarau ambalo Wazungu huliweka dirishani, lile liitwalo violeti ya Kiafrika, lilipelekwa Ulaya kutoka Usambara na Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, na mwaka 1893 likapewa jina lake la kitaalamu, Saintpaulia. Siku ile sikuliona. Niliiona miti ya mkulo, minene, mirefu, imevaa kuvumwani, na chini yake kiza.

Kiza hicho ni tatizo la kwanza la mpiga picha. Baiskeli inakwenda kasi, na kasi inataka mwanga mwingi, msitu hauna. Ukilazimisha kugandisha mwendo, picha inatoka nyeusi au imejaa chengachenga. Ninachofanya ni kukubaliana na kiza: naacha lenzi wazi kwa sehemu moja ya thelathini ya sekunde, naanza kumfuata mwendeshaji kwa kamera tangu akiwa mbali, nazungusha kiuno pamoja naye, nabonyeza akiwa mbele yangu na naendelea kuzunguka hata baada ya kubonyeza. Ikifaulu, uso wake unatoka wazi na msitu unakuwa michirizi ya kijani. Mara nyingi haifaulu. Unapata kofia bila kichwa, au gurudumu la nyuma na mti.

Tatizo la pili ni baya zaidi, na kila aliyewahi kupiga picha mlimani analijua: kamera hulaza milima. Mteremko uliokukausha mate, ukiupiga ukiwa umesimama katikati ya njia, unatoka kama uwanja wa shule. Macho mawili na magoti yanayotetemeka yalijua ni mkali kiasi gani, ila jicho moja la kioo halijui. Wapo wanaoipindisha kamera ili njia ionekane imesimama. Ni uongo, na ukitazama vizuri utaona miti yote ya msitu imelala upande mmoja. Dawa ninayoijua ni kutoka kwenye njia, kwenda pembeni, na kutafuta shina lililonyooka liwe shahidi. Mti husimama wima popote ulipo. Mtazamaji akiuona mti na njia ndani ya fremu moja, anapata pembe yake mwenyewe, bila kuambiwa.

Shahidi wangu wa Magamba alikuwa mkulo mmoja uliomwaga mizizi yake juu ya njia, ngazi baada ya ngazi, kisha njia ikakata kushoto. Nikajibana kwenye majani upande wa bondeni na kupiga mluzi. Nilisikia kabla ya kuona. Baada ya kuendesha na watu kwa muda mrefu unawajua kwa masikio: breki za Mwalimu hulia mapema, mbali na kona, kwa kipimo, za Fundi hulia kwa kushtuka, pale pale, za Dokta hazilii. Alikuja wa kwanza, amenyanyua makalio nyuma ya kiti, mikono imelegea, macho yako mbali kwenye njia anakokwenda na si kwenye mizizi aliyo juu yake. Gurudumu la mbele likagonga mzizi, shokapu ikazama hadi mwisho na kurudi, akapita. Fundi akaja akipiga kelele. Mwalimu akasimama juu ya mizizi, akaitazama, akashuka, akabeba baiskeli begani na kunipita akiniambia, "Hii usipige." Nikaipiga. Juu, mbega wawili weupe kwa weusi waliokuwa wametulia kumbe muda wote wakitutazama walirukia mti mwingine na kutumwagia matone ya umande.

Wakaniambia rudia? La. Mimi ndiye niliyewaomba warudie, na hapo ndipo urafiki wetu hupimwa. Kurudia maana yake ni kusukuma baiskeli kupanda mita 60 za utelezi kwa ajili ya picha ya mtu mwingine. Tuna makubaliano: mara moja kwa siku nina haki ya kuomba. Nikiomba ya pili nanunua chakula cha jioni. Jijini Tanga bibi harusi hurudia kuingia ukumbini bure, tena akicheka.

Huwa nawafikiria watu wa Fairfax, California, waliouanzisha mchezo huu bila kujua kwamba wanauanzisha. Miaka ya 1970 kundi la marafiki, miongoni mwao Gary Fisher, Charlie Kelly na Joe Breeze, waliokota baiskeli nzito za zamani wakawa wanaporomoka nazo kwenye njia za vumbi karibu na Mlima Tamalpais. Tarehe 21 Oktoba 1976 walishindana kwa saa kwenye mteremko mmoja wa kilomita tatu na ushei unaoshuka mita 400 hivi. Breki zao zilikuwa za kukanyaga pedeli kinyumenyume, na mteremko ulizipasha moto hadi grisi yote ikageuka moshi. Ukifika chini ilibidi ufungue gurudumu na kupakia grisi upya, na njia ikapata jina la kazi hiyo, Repack. Hayo yanasimuliwa sana. Kisichosimuliwa sana ni kwamba tunayaona kwa macho kwa sababu mmoja wao, Wende Cragg, alikuwa na kamera. Hakuwa mwandishi wa habari aliyetumwa. Alikuwa akiendesha nao, kwenye njia hizo hizo na kwa baiskeli ya uzito ule ule. Nikitazama picha zake naona watu wamevaa jinzi na mabuti ya kazi, wamekaa kwenye nyasi wanachekana, na hakuna hata mmoja anayejua kwamba anatazamwa na mgeni, kwa sababu hakuna mgeni.

Rafiki yangu mmoja wa kazi hii hunishauri nitumie droni, au nikodi bodaboda iniweke mbele ya kundi nikiwa mkavu na mwenye nguvu. Achilia mbali vibali vya droni. Nimeshawahi kupiga mbio za baiskeli nikiwa nyuma ya pikipiki, kwa malipo, na picha zilikuwa safi, mteja akaridhika. Hazina kosa lolote. Lakini anayepumua kawaida humpiga anayehema akiwa amesimama mahali pasipo sahihi, juu mno au mbali mno. Hajui kwamba kona inayouma ni ile ya pili, si ile yenye mandhari. Hilo hujulikana kwa mapaja tu.

Lukozi msitu umekwisha, uko kwenye soko la mboga. Malori yanapakia viazi, karoti na kabichi za kwenda Dar es Salaam, na kila mtu ana haraka. Gurudumu langu la nyuma lilikuwa limeshaanza kulegea tangu Magamba, na kijana anayeziba pancha za bodaboda chini ya mti alinitengenezea kwa namna ninayopenda kuitazama: akaijaza tyubu upepo, akaizamisha kwenye beseni la maji machafu kipande kwa kipande, akingoja povu. Lilipotoka, akaweka kidole, akakausha, akasugua kwa msasa. Mikono yake ndiyo picha yangu ya pekee kutoka Lukozi, hiyo na nyingine moja.

Hiyo nyingine ni ya mzee tuliyemkuta mbele ya soko akiteremka kuelekea sokoni na Phoenix nyeusi, magunia mawili ya karoti yamefungwa nyuma kwa mipira ya tyubu. Breki ya nyuma haikuwepo. Badala yake aliondoa mguu kwenye pedeli na kuukandamiza kwenye tairi, mguu wenye katambuga, tairi kwa tairi, na ukasikika mkwaruzo mrefu hadi aliposimama mbele yetu barabara, bila papara. Tukamwamkia.

"Marahaba. Hizo zenu zina gia ngapi?"

"Kumi na mbili, mzee," Fundi akajibu kwa fahari.

"Na mzigo mnabeba gani?"

"Hatubebi mzigo."

Akazitazama baiskeli zetu moja moja, hadi kwenye cheni. "Sasa gia za nini?"

Nikaomba kumpiga picha. Akakubali kwa masharti: afunge vifungo vya koti kwanza, magunia yaonekane yote mawili, na picha ije ikiwa imesafishwa, si ya kuonyeshwa kwenye simu. Pichani amesimama na baiskeli yake kwa namna ambayo watu wa zamani walisimama na gari jipya. Nilipofika Tanga niliisafisha, nikaiweka ndani ya bahasha ya kaki na kumpa kondakta wa basi la Lushoto, na kijana wa pancha akaipokea. Kuna ushahidi kwamba ilifika: kijana alinipigia kuuliza yake iko wapi.

Tulilala Rangwi, kwa masista, ambao huwapokea wageni. Maji ya moto, supu, na baridi iliyotufanya tuvae soksi mbili. Usiku ndio wakati wa kuzitazama picha, vichwa vinne juu ya kioo kimoja kidogo, na kelele zake. Fundi anataka zile ambazo magurudumu yote mawili yako hewani. Hata ikiwa ni sentimita tano, anataka. Mwalimu alikuta picha aliyonikataza akaikodolea macho kwa muda, baiskeli begani, mguu mmoja kwenye mzizi, na ukungu unamwagika nyuma yake. "Futa," akasema. Baadaye, wengine wakiwa wamelala, aliniuliza kama ningeweza kumtumia ile moja tu, nisimwonyeshe mtu. Dokta hatazami zake kabisa. Hutafuta za kwangu, na kwa kuwa hazipo, alianza safari ile ile kunipokonya simu na kunipiga: mimi nimelala kifudifudi kwenye tope, soli za viatu zinatazama mbinguni. Simu yangu imejaa soli zangu.

Mtae imekaa juu ya ukingo mwembamba. Pande zote ardhi inaondoka. Upande wa kaskazini unaona tambarare ya Mkomazi ikienda mpaka Kenya, kavu, ya rangi ya simba, na siku ya uwazi Kilimanjaro hujitokeza kwa mbali. Sisi tulipewa mawingu. Kutoka huku juu kuna njia ya kuporomoka hadi Mnazi, chini tambarare, mita elfu moja na zaidi za kushuka kwa mawe makavu. Watu wa hapa huishuka kwa miguu na mizigo. Sisi tulifunga kila kilichoweza kufungwa.

"Ngojeni nitangulie," nikasema, na kwa mara ya kwanza Dokta akakataa. Njia ile, alisema, si ya mtu mmoja peke yake. Mkiwa wawili, mmoja akianguka mwingine anakwenda kuita. Tukashuka kwa zamu ya wawiliwawili, mimi na yeye mbele. Hivyo nilijifunza jambo nililolitazama kwa miaka kupitia kioo: mgongo wake akiwa mbele yangu, bega la kulia linashuka kidogo kabla ya kila kona, dalili ndogo sana, halafu baiskeli inafuata. Niliposhusha bega langu, baiskeli yangu nayo ikafuata. Tulisimama kila baada ya kona kadhaa kuziacha breki zipoe. Diski zilikuwa za rangi ya buluu na harufu yake ni ya chuma kilichoungua. Hapo ndipo nilipopiga, nikigeuka kutazama juu: Mwalimu na Fundi wadogo kabisa kwenye ukuta wa milima, vumbi lao linaelea pembeni, na juu kabisa paa za Mtae. Breki za Mwalimu zilikuwa zikilia mapema, kwa kipimo. Nilizisikia kabla hawajatokea.

Mnazi joto lilitupokea mlangoni. Tulikunywa soda mbili mbili bila kuongea, tukaomba lifti kwenye lori lililorudi tupu, tukapanga baiskeli juu ya maturubai. Ubishi ulianzia humo humo ndani ya lori: Fundi anataka tuchange kwa ajili ya Kilimanjaro, njia ya Kilema, ambako waendesha baiskeli huruhusiwa kupanda; Mwalimu anataka ratiba ya mazoezi iliyoandikwa kwanza. Kundi letu la simu lina mchango tayari. Dokta ameshasema atabeba dawa za wote, hema moja na chakula cha siku ya kwanza, na kwamba lenzi ndefu, yeyote atakayeitaka, ataibeba mwenyewe.